Mkorosho wa Mama na Mayungiyungi Yako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 16, saa nane mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Natumaini pia umekaa, maana haya si ya kusomwa ukiwa umesimama. Sisi huku wazima. Baba ni mzima wa mwili, mimi mgongo unaniuma kama kawaida ya mtu anayesimama mbele ya pasi saa tisa kwa siku, na mvua zimekatika. Salamu zimekwisha, sasa tugombane.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikianza neno unalimalizia wewe, tena vibaya. Hapa utasoma mpaka chini, na ukitaka kunikatiza utazungumza na karatasi.

Nakuambia mapema ili usije ukajidanganya njiani: mkorosho wa mama hautang'olewa. Ukiondoka ule, baba hatarudi nyumbani. Sisemi kwa mafumbo, utaelewa huko mbele, lakini kwanza lazima nikutie adabu.

Kifurushi chako kilifika salama. Vitunguu ishirini na vinne vya mayungiyungi, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi laini kama yai, na juu yake lile jedwali lako. Nimelisoma mara tatu. Safu ya kushoto mkorosho, safu ya kulia yungiyungi, mistari minane, alama kuanzia sifuri mpaka tano. Mkorosho umepata tisa kwa arobaini, yungiyungi thelathini na tatu. Najua ndiyo kazi yako huko ofisini, kuvipa vitu alama. Lakini kuchukua mti alioupanda mama kwa mkono wake, ukaufelisha kama mtoto asiyefanya mazoezi ya nyumbani, huo ni utovu wa adabu, hata kama umeuchapa kwa mashine.

Na chini yake ukaandika kwa mkono: "Nataka nyumba ionekane ya watu kabla hatujafika mwezi wa nane." Ya watu! Kwani sasa hivi inakaliwa na nini? Popo? Siku nzima niliibeba ile sentensi kama kijiwe ndani ya kiatu. Nilipiga pasi mashati ya watu nikiwa nayo, na kola moja niliiunguza. Kola hiyo ni mali yako.

Haya, tulinganishe basi, maana umetaka kulinganisha.

Uzuri. Yungiyungi tano, mkorosho moja. Hapo sikupingi, sijawa kipofu. Mayungiyungi nimeyaona, yanasimama kama watu waliotoka saluni. Mkorosho wetu una majani magumu kama soli, na mama alivyokuwa akiukata kila mwaka usipite kimo cha dirisha, umelipa kisasi kwa kunenepa. Umekuwa kichaka, umejikunja pale mbele kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Lakini yungiyungi linachanua wiki mbili, ukijaliwa tatu, kisha unabaki na kijiti. Wiki zote zilizobaki za mwaka nani atakitazama hicho kijiti? Wewe utakuwa umesharudi na picha zako.

Usafi. Yungiyungi tano, mkorosho sifuri. Ndugu yangu, mimi ni dobi mwaka wa kumi na saba huu. Kwenye madoa usinifundishe. Ni kweli maji ya bibo hayatoki. Nguo ikishaingia doa la bibo, doa hilo litazikwa pamoja nayo. Hata hivyo ule unga wa rangi ya chungwa ulio katikati ya yungiyungi umenilaza na njaa zaidi ya mara moja. Mtu akiupata kwenye nguo, cha kwanza anafanya nini? Analowesha na kusugua. Basi, amekwisha. Unatakiwa uuache mkavu, uubandikie utepe wa gundi, uuvute polepole. Mwaka jana gauni la mama wa bibi harusi liliniletea kesi ya wiki mbili kwa ajili ya ua moja tu lililoegemewa. Kwa hiyo sifuri kwa wote wawili, ufute.

Usalama wa watoto. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu mpaka baba akaniuliza kuna nini. Umeandika kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, kana kwamba unampa habari mgeni. Midomo iliyounguzwa ni ya nani? Nilikuwa na miaka tisa, wewe sita, ukaniletea korosho mbichi mkononi, ukaniambia ing'ate, ni tamu kama peremende. Wiki nzima nilikula uji kwa mrija, na kovu ninalo mpaka leo. Usalama wa watoto ungeanza kwa kukufunga wewe kamba.

Na hayo mayungiyungi yako salama, siku ya pili tu baba alikikuta kile kifurushi mezani, akamenya vitunguu viwili akidhani ni vitunguu saumu. Nilivikuta vimekatwakatwa vizuri kabisa pembeni ya sufuria. Nilivitupa, nikaosha ubao, nikaosha kisu, nikamwosha na yeye mikono. Sijui kama vinadhuru au havidhuru, na sikutaka kujua kwa njia hiyo.

Faida. Umeupa mkorosho mbili, kwa huruma nadhani. Basi sikiliza. Kila asubuhi baba anatoka, anauzunguka, anaokota korosho zilizoanguka, anazianika juu ya bati. Zikikauka nazikaanga nje mimi, macho yakinitoka machozi kwa moshi, kisha anakaa kwenye kile kiti chake cha fundi saa, anapaka majivu mikononi, anaisimamisha korosho kwa ubavu na kuigonga mara moja kwa ile nyundo ndogo ya saa. Moja tu. Ganda linafunguka, korosho inatoka nzima. Katika kumi haivunji hata moja. Saa hawezi tena kuifungua, hajui hata wakati gani wa siku, lakini mikono yake haijasahau kupiga kitu kidogo bila kukiumiza. Hilo kwenye jedwali lako lingekaa mstari gani?

Harufu. Yungiyungi tano. Hapa niliiweka karatasi mezani nikatoka nje nikasimama uani.

Umesahau, au umejisahaulisha? Mama alipofariki ulituma mayungiyungi. Meupe, duara kubwa kama gurudumu, yaliletwa na kijana wa duka la maua akataka nimtilie sahihi. Kadi ilisema upo nasi kwa moyo. Moyo hauna mikono ya kubeba jeneza, mdogo wangu. Ile harufu ilikaa chumbani siku tisa, kwenye mapazia, kwenye nywele zangu, kwenye mto wa mama. Nilifua kila kitu mara mbili. Mpaka leo mteja akiniletea nguo yenye harufu ile naipokea huku nimeziba pumzi. Nawe unataka niyapande chini ya dirisha lake, ishirini na manne, au ishirini na mawili baada ya baba kupika.

Sikukwambia wakati ule kwamba nilikuchukia. Nakwambia sasa. Nilikuchukia miezi mingi, nikiamka nakuchukia kabla sijanawa uso. Imepungua, haijaisha.

Tuyaache maua. Jedwali ningelivumilia, jedwali ni karatasi. Kilichonitoa roho ni kwamba ulimpigia simu mkata-majani kisirisiri, ukampa siku. Alhamisi saa nne asubuhi nikiwa kazini, jirani yetu mshona viatu alikuja anakimbia na kiatu cha mtu mkononi. Niliacha pasi, nikavua aproni njiani. Nilimkuta mkata-majani juu ya ngazi na msumeno, matawi mawili makubwa ya upande wa barabarani yako chini, na unajua nani alikuwa ameshika ngazi? Baba. Amemfungulia geti, amemkaribisha, ameshika ngazi kwa mikono miwili ili mgeni asianguke. Mfuko wa shati umejaa korosho changa, na kifua chote kinamwasha kwa utomvu.

Aliponiona aliniuliza, "Mama yenu ameambiwa?"

Nilimgeukia mkata-majani nikamtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Masikini, akashuka polepole, akakunja ngazi yake. Akasema, "Dada, mimi nimetumwa tu. Kaka yako kaniambia mzee mwenyewe karidhia."

Na wewe jioni ile ukanitumia ujumbe wa maneno sita: "Nilimuuliza baba. Alisema ndiyo, mwanangu, fanyeni." Na hapo nimefika kwenye jambo ambalo ningependa sana kukusingizia wewe. Nimejaribu siku tatu nimeshindwa.

Ni kweli alisema ndiyo. Nilimfundisha mimi.

Huu ni mwaka wa pili baba hakujui. Mara ya kwanza ulipopiga akaniuliza huku ameziba simu, huyu kijana anataka saa yake? Nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani. Kuanzia siku ile nikawa nakaa naye kabla hujapiga, namfanyisha mazoezi: simu ikilia, sema hujambo mwanangu, ukiulizwa lolote, sema ndiyo, mwanangu, akinyamaza, sema fanyeni. Alijifunza haraka, maana ni mtu mwenye adabu. Ungemuuliza tuiuze nyumba angesema ndiyo, mwanangu. Ungemuuliza tukutupe mtoni angesema fanyeni. Wewe ukamuuliza kuhusu mkorosho nikiwa uani naanua nguo.

Na zile barua zake mbili zenye mwandiko wa kutetemeka, ulizosema umeziweka kwenye fremu, niliziandika mimi. Nilikuwa nautetemesha mkono makusudi. Ukitaka kuzitoa kwenye fremu zitoe.

Usidhani nilikuficha kwa huruma. Nilikuficha kwa kiburi. Nilijua ukisikia utakuja mbio na jedwali jingine: safu ya kushoto dada, safu ya kulia nyumba ya kulelea wazee. Mimi ningepata ngapi? Usiku sipati usingizi, wakati mwingine nampigia kelele, juzi nilimfungia mlango nikakaa nje kwenye ngazi mpaka hasira iliposhuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini wewe ungewahesabu hata hivyo.

Sasa sikia kuhusu mti. Mwezi wa pili baba alitoka na saa ya mteja aliyekufa zamani, akaenda kuirudisha. Nilimtafuta mchana kutwa. Alipatikana upande wa pili wa soko, amekaa penye duka la dawa. Wakamuuliza jina la mtaa, hajui. Namba ya nyumba, hajui. Jina langu, hajui. Wakamuuliza, mzee, kwako kukoje? Akasema, kwangu pana mkorosho wa mke wangu, mbele, umefika dirishani. Basi. Mwenye duka la dawa akauliza huyu na yule, na kwa kuwa mtaa mzima huu watu wamejenga kuta na kupanda maua, mkorosho ni mmoja tu. Mshona viatu akamleta.

Tangu hapo amepotea mara nne na mara zote nne amerudi. Mara mbili karudi peke yake, anapita geti moja baada ya jingine, akiuona ule mti anaingia. Rangi ya nyumba haijui, mimi mwenyewe ananiita binti, wakati mwingine dada wa hospitali. Mti anaujua.

Ijumaa, siku moja baada ya msumeno wako, alikwenda mpaka kona ya pili na kurudi, safari ya dakika kumi. Nilikuwa dirishani namwangalia. Alifika mbele ya geti letu, akasimama, akatazama. Kisha akaendelea na njia. Nikatoka mbio bila viatu, nikamshika mkono pale kwenye nguzo ya umeme. Akanitazama kwa adabu zake zote, akaniambia, "Samahani binti, nyumba yangu ilikuwa hapa."

Nilikaa chini barabarani, mdogo wangu. Mimi dobi mzima, na nguo za kazini, watu wanapita. Nililia kwa sauti, na baba akanipapasa kichwa akaniambia nisihuzunike, tutaitafuta sote wawili.

Jumamosi sikuenda kazini. Niliyaokota yale matawi mawili nikayasimamisha mahali pake, nikayafunga kwa waya kwenye shina, mshona viatu akinisaidia kukaza kwa koleo. Yamenyauka, majani yanageuka kahawia, mtu yeyote mwenye akili akitazama anaona ni mti uliofungwa bandeji. Lakini leo asubuhi baba alikwenda mpaka kona ileile, akarudi, akatazama, akaingia. Penye jeraha sioni chipukizi bado. Mkata-majani alikuja kuomba radhi, akasema lipakwe udongo na lisubiriwe. Nalisubiri.

Sasa utasema nami nina makosa. Ninayo. Nimekuandikia ili uyajue kutoka kwangu. Lakini wewe pia fimbo yako ni ya mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka; tena yako ilikosa nyoka ikampiga baba.

Vitunguu vyako sijavichoma, ingawa moto ulikuwa tayari. Nimevitia kwenye debe kavu, viko juu ya kabati kazini, mahali ambapo baba hafiki. Nyuma, karibu na kamba ya nguo, pana mahali penye jua la asubuhi. Mimi sivipandi. Ukivitaka vikue, njoo ushike jembe, uviangalie, na uutoe ule unga wake kabla haujagusa shuka zangu. Wala usije mwezi wa nane. Njoo kabla.

Msalimie wifi, mwambie sina ugomvi naye, hata ile karatasi laini nimejua ni mikono yake. Wabusu watoto, na uwaambie shangazi yao ana kovu la mdomo na atawasimulia nani alilileta. Shangazi yetu mkubwa anakusalimu, anauliza kama huko mlipo mnakula. Mshona viatu naye anakusalimu, ijapokuwa hakujui na aliyoyasikia juu yako wiki hii si mazuri. Mungu akulinde njiani, akupe safari fupi na moyo mrefu.

La mwisho ni hili, na ndilo nililokaa chini kuliandika. Ukifika, baba atakuwa kwenye kiti chake nje ya geti. Usimkimbilie. Usimwite baba, atasema ndiyo, mwanangu, na hutajua kama ni wewe anayekujibu au ni mimi. Simama mbele yake kama mpita njia, umwambie umepotea, unatafuta nyumba yenye mkorosho. Atainuka, atakushika mkono, atakuleta ndani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda leo kwa taabu sana,

Dobi.